Muuza magazeti wa Dandora na blanketi lililofika kortini

Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu ya wiki jana, na mvua imekataa kuondoka Dandora. Kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Muturi, Consolata Nabwire anafungua bunda la magazeti lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni. Wateja watatu wameshasimama mbele yake, sarafu mikononi. Hawauzii.

Kwanza anafungua gazeti moja kuanzia nyuma, ukurasa wa michezo. Kutoka ndani ya sweta anatoa daftari la shule lenye jalada la kijani, alilolificha lisilowe. Kidole kimoja kinatembea kwenye gazeti, kingine kwenye daftari. Midomo inacheza bila sauti.

"Leo wamekosea moja tu," anasema, na kwa kalamu nyekundu anapiga mstari juu ya jina la mfungaji. "Goli la pili lilikuwa la beki kujifunga mwenyewe. Wao wamempa straika."

Ndipo anaanza kuuza.

Mlinzi anayetoka zamu, koti lake likichuruzika maji, anamuuliza, "Niaje Mathe, kipa wangu alifungwa ama?" Nabwire anamjibu bila kutazama daftari kwamba alifungwa dakika ya themanini na nane, anampa pole, anampa gazeti, anapokea sarafu. Mambo hayo yote yanachukua muda wa kupiga chafya mara mbili.

Mama huyu wa miaka 38, ambaye majirani humwita Mama Mitchelle, ameuza magazeti hapa Phase Two tangu mwaka wa 1989. Siku njema humaliza nakala sabini, na kila nakala humwachia shilingi tatu na senti kadhaa. Mwaka huu wa uchaguzi siasa zimemwuzia vizuri, hilo analikiri. Lakini kilichomfanya ajulikane kutoka hapa hadi Njiru si siasa. Ni Ligi ya Blanketi.

Na Ligi ya Blanketi ndiyo inayoweza kumwondoa kwenye baraza hili.

Jumatano hii, Nabwire atasimama mbele ya hakimu kusikiliza uamuzi wa kesi ambapo anashtakiwa kuendesha kamari bila leseni. Akipatikana na hatia, ameambiwa, anaweza kutozwa faini ambayo hana au kufungwa. Naye Bwana Muturi, aliyempa baraza bila kodi kwa miaka minane, amemweleza kwamba hawezi kuwa na mtu wa kamari mlangoni pake, kwa sababu wateja wake wengi ni watu wa kanisa.

"Hakunifokea," anasema Nabwire. "Aliniambia kama mtu anayeomba radhi. Lakini aliniambia."

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuushinda. Kabla ya mechi ya kwanza ya mwezi, kila mwanachama anaandika kwenye daftari la Nabwire majina kumi na moja ya wachezaji wa ligi kuu. Hiyo ndiyo timu yake ya karatasi. Mchezaji wake akifunga goli, anapata pointi tatu. Kipa wake asipofungwa, pointi mbili. Kadi nyekundu inakata pointi tatu. Na hairuhusiwi kuchukua zaidi ya wachezaji watatu kutoka klabu moja, la sivyo nusu ya Dandora ingeandika Ingwe na nusu nyingine Gor, na mchezo ungeishia hapo.

Kila mwanachama alikuwa akitoa shilingi ishirini kwa mwezi. Hela hizo zilinunua blanketi moja zito la mistari kwa mshindi, na kilichobaki kilikuwa chai ya Nabwire na kalamu zake.

Kwa nini blanketi? Anacheka anapoulizwa. Mshindi wa kwanza, Machi 1994, alipewa pesa taslimu. Alizipitisha mahali fulani akielekea nyumbani, na kesho yake mkewe alikuja barazani na kumpa Nabwire maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Tangu siku hiyo ikawa blanketi. Mtu hawezi kunywa blanketi, na akilibeba mabegani mtaa mzima unaona linaelekea wapi.

Kuhesabu magoli hakukumwanzia Dandora. Alipokuwa msichana wa shule kule Funyula, mwalimu wa michezo alimpa kazi ya kuandika matokeo ubaoni kwa sababu mwandiko wake ulisomeka kutoka mbali. Wavulana walipobishana nani kafunga, waliambiwa wamuulize Nabwire. Mume wake, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni huko Viwandani, hapendi mpira hata kidogo. Akisikia redio ikitangaza mechi, huenda kuchota maji.

Ligi ilipoanza ilikuwa na watu tisa. Mwaka huu ilifika arobaini na wawili: wafua vyuma, washonaji, wafanyakazi wa kibarua, mama wawili wa mboga na katekista mmoja aliyeomba jina lake lisitajwe.

Watu wakiwa wengi, ubishi nao unakuwa mwingi. Mwezi wa tatu tu wa ligi, wanaume wawili walipigana kwa viti vya Bwana Muturi kwa sababu ya goli ambalo kila mmoja alidai limefungwa na mtu wake. Nabwire akaweka kanuni, akaiandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari: GAZETI NDILO REFA. Gazeti la Jumatatu likimtaja mfungaji, huyo ndiye mfungaji, hata kama malaika ameshuka kusema vinginevyo.

Kanuni hiyo ilileta amani. Pia iliuza magazeti ya Jumatatu, na Nabwire hafichi kwamba alilifikiria hilo.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka kortini.

Ilikuwa Jumapili moja ya Juni mwaka huu, Uwanja wa City. Timu mbili za kampuni zilikuwa zikicheza, zikiwa sare bila magoli hadi dakika za mwisho. Straika mmoja anayeitwa Luseno, jezi nambari tisa, akaumia kifundo cha mguu akabebwa nje. Wa kuingia badala yake alikuwa Mulama. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, jezi za wachezaji wa akiba zilikuwa mbichi bado kwenye kamba huko kambini, na Mulama alikuwa amevaa koti la mazoezi tu. Basi akavua koti, Luseno akavuliwa jezi akiwa amelala chini, na Mulama akaingia uwanjani na nambari tisa yenye jasho la mwenzake.

Dakika ya themanini na saba, Mulama akafunga.

Jumatatu, gazeti likaandika: Luseno.

Njogu, fundi wa mawe anayeishi nyumba tatu kutoka barazani, alikuwa uwanjani. Alikuwa na Mulama kwenye timu yake ya karatasi, na pointi hizo tatu zingempa blanketi la Juni, la kwanza tangu ajiunge. Gachanja, mshonaji wa suti, hakuwa uwanjani; alikuwa nyumbani anakata kitambaa. Yeye alikuwa na Luseno.

Nabwire akasoma gazeti, akasoma jalada la daftari lake, akampa Gachanja blanketi.

Njogu anasimulia mwenyewe, sasa akitabasamu kwa shida. Anasema alihisi kama mtu aliyeibiwa mchana mbele ya watu. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga, Kate, na Juni ya Nairobi ni baridi. Alimwambia Nabwire aliliona goli kwa macho yake. Akaambiwa gazeti ndilo refa. Akaenda kituo cha polisi.

"Nilitaka waje wamwambie anipe blanketi langu," anasema. "Sikujua watambeba yeye, wabebe madaftari, wabebe na blanketi."

Alirudi kituoni kesho yake kuondoa malalamiko. Akaelezwa kwamba kesi si yake tena, ni ya Jamhuri. Nabwire alilala rumande siku mbili kabla mumewe hajapata dhamana ya shilingi elfu tano, nyingi zikiwa za kuazima kwa wafanyakazi wenzake wa kiwandani. Ndiye mtu pekee katika familia aliyekuwa ameuchukia mchezo huo tangu mwanzo, na hajamlaumu mkewe hata siku moja.

Madaftari manne yalikuwa kielelezo namba moja. Blanketi, ambalo Gachanja alilitoa bila kubisha, lilikuwa kielelezo namba mbili. Hukaa mezani mbele ya hakimu likiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Msomaji mwenye kumbukumbu atauliza ni gazeti gani lililoandika Luseno. Ni hili hili unalolishika. Na hapa inabidi niache kujiita gazeti hili, niseme mimi.

Niliondoka uwanjani dakika ya themanini. Nje ya uwanja kulikuwa na simu moja dukani, na nilitaka kuiwahi kabla ya waandishi wa magazeti mengine ili nisome ripoti yangu kwa mhariri. Nilikuwa nimeshaanza kusoma niliposikia kelele. Nikamuuliza shabiki wa kwanza aliyetoka getini nani amefunga. Akasema nambari tisa. Nikatazama orodha yangu, nikaona tisa ni Luseno, nikaisoma hivyo. Shabiki yule hakunidanganya. Mimi ndiye niliyeitwa mwandishi wa mpira na sikuwepo mpira ulipoingia.

Nabwire alituandikia barua mwezi Julai. Ilikaa kwenye droo ya meza ya michezo hadi mwezi uliopita, nilipoikuta nikitafuta wembe. Mwandiko ulisomeka kutoka mbali. Hakututukana. Alisema hataki kuombwa radhi, ila anataka mtu aje aseme kilichotokea dakika ya 87.

Nilikwenda Dandora siku hiyo hiyo, nikiwa nimejitayarisha kusemwa. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniuliza kama nimekula. Ningefurahi zaidi kama angenisema.

Nilipofika nilidhani shida yake kubwa ni umaskini, au polisi, au Njogu. Sivyo. Kilichokuwa kikimkera ni swali aliloulizwa kortini Septemba, ambalo hakuwa na jibu lake. Hana wakili, anajitetea mwenyewe. Alikuwa amemweleza hakimu kwamba ligi yake si kamari kwa sababu mtu hushinda kwa kuujua mpira, si kwa kubahatisha. Alieleza vizuri. Hakimu alikuwa anaandika.

Kiongozi wa mashtaka, afisa wa polisi, akasimama, akalishika lile daftari, akasoma maneno ya kwenye jalada. Kisha akamuuliza kwa upole:

"Mtu aliyeliona goli kwa macho yake alishindwa na mtu aliyekuwa nyumbani, kwa sababu ya kosa la gazeti. Mama, huo ujuzi uko wapi?"

Hakimu akasema korti ingependa kujua jambo moja tu: anayeshinda hapa anashinda kwa kujua, au kwa kubahatika? Akampa Nabwire mwezi mmoja wa kuleta jibu.

"Nilitoka pale nimekasirika," anasema Nabwire, "na aliyenikasirisha ni mimi. Yule afande alisema kweli. Niliweka ile kanuni ili watu wasipigane. Lakini niliuchukua mchezo wa akili nikaukabidhi kwa mtu ambaye hata simjui, akikosea yeye, imekosea ligi nzima."

Mtu huyo asiyemjua alikuwa amekaa mbele yake anakunywa chai yake.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niombe nafasi ya ukurasa huu. Aliomba ruhusa ya kunakili madaftari yake mwenyewe kwenye masjala ya korti. Kwa asubuhi tatu, baada ya kuuza magazeti, alikaa kwenye benchi pale na kunakili majina ya washindi wote tangu Machi 1994. Miezi thelathini na mmoja ya ligi, ukiondoa ile ambayo mpira hupumzika; mablanketi thelathini, kwa kuwa mshindi wa kwanza alipewa pesa.

Kisha akahesabu. Katika mablanketi hayo, ishirini yalikwenda kwa watu watano tu. Gachanja peke yake alichukua saba. Wapo wanachama walioandika timu kila mwezi kwa miaka mitatu na hawajaugusa hata uzi wa blanketi. Alichora jedwali kwa rula, akalipeleka Oktoba, akampa karani, karani akampa hakimu.

Njogu na Gachanja walikuwa wamekaa nyuma kortini siku hiyo, benchi moja. Wanasema hakimu alilitazama jedwali, akauliza lina maana gani.

"Mheshimiwa, kama ni bahati, ingezunguka," Nabwire alimjibu. "Bahati gani hii inayomjua Gachanja kwa jina?"

Watu walicheka, na karani akawanyamazisha. Kiongozi wa mashtaka, ambaye si mtu mbaya, aliuliza swali moja tu: na la Juni je, katika yale saba? Nabwire alisema la Juni aliweke kando, kwa sababu lile alilitoa kwa kosa lake yeye. Kanuni ilikuwa mbaya na ameifuta. Basi yakabaki sita, na bado hakuna aliyemfikia.

Huyo Gachanja nilimtembelea. Ana cherehani mbili, ukuta mmoja umejaa vipande vya magazeti, na anajua ni kipa gani hupangua vibaya mpira ukiwa na maji. Nilimuuliza siri yake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa siri ya kuvaa viatu. Alisema yeye husoma, hukumbuka, na humwacha mchezaji anayempenda kama anacheza vibaya, jambo ambalo mashabiki wengi hawaliwezi. Mablanketi? Matatu yako kitandani, mengine mkewe Waithera ameyauza. Lile la kortini hataki hata kulisikia.

Tangu Julai, kwa masharti ya dhamana, Nabwire hapokei hata senti ya ligi na hatoi zawadi. Alidhani mchezo ungekufa. Kati ya wanachama arobaini na wawili, thelathini na sita bado wanakuja mwisho wa mwezi kuandika majina kumi na moja, bure, ili tu jina la mshindi libandikwe kwenye mlango wa hadiwea ya Bwana Muturi. Hilo nalo ameliandika kwenye karatasi ya kumpelekea hakimu.

Na kwenye jalada la daftari jipya, lile la kijani, hakuna tena neno gazeti. Imeandikwa: MACHO MATATU. Kila mechi inayochezwa Nairobi sasa ina mashahidi watatu, mmoja wa kila upande na mmoja asiye na upande, na lazima wakubaliane kabla ya kutoka getini. Mechi za nje ya jiji hawazihesabu hadi wapate mtu wa kuaminika huko. Asiye na upande ni Nabwire. Shahidi anayelipa nauli yake mwenyewe kila wiki, na hajakosa hata mara moja, ni Njogu.

Niliwauliza kama wamesameheana. Nabwire alisema Baba Kate aliona goli la kweli na akalisema, na watu wa namna hiyo ndio anaowatafuta.

Jumatano, kabla ya kutoa uamuzi, hakimu atamsikiliza shahidi mmoja wa mwisho. Ni mimi. Nitasema niliondoka dakika ya themanini. Mhariri wangu ameniambia gazeti halitapendeza, na ameniruhusu niende.

Nabwire anajua inaweza kwenda kombo. Ameshaongea na mama mmoja wa mboga kuhusu kona moja kando ya barabara ya Kangundo, ikiwa Bwana Muturi atasimamia neno lake. Lakini hapangi sana huko. Akishinda, anataka kuomba karatasi rasmi ya kuendesha ligi, aifungue Umoja na Njiru, na aweke wanawake watatu wauza magazeti kuwa waandishi wa magoli. Akishindwa, anasema, ligi itaendelea bila shilingi na bila zawadi, kwa sababu hajasikia sheria inayokataza mtu kutazama mpira na kuandika alichokiona.

"Blanketi wanaweza kubaki nalo," anasema. "Mimi nataka waniambie kwamba tulikuwa tunatumia akili. Miaka mitatu na nusu, watu wangu walikuwa wanatumia akili. Nataka iandikwe mahali."

Jumamosi juzi nilikwenda nao Uwanja wa City. Mvua ilikuwa imepumzika, uwanja ulikuwa tope tupu, na namba mgongoni mwa wachezaji zilikuwa zimefutika kabla ya mapumziko. Nabwire alikaa safu ya tatu, daftari magotini, Njogu kushoto kwake, shabiki wa upande wa pili kulia. Mimi nilikaa nyuma yao. Dakika ya themanini ilipofika, aligeuka kunitazama kama bado nipo.

Dakika ya tisini goli likaingia kutoka kwenye msongamano wa miguu. Niliandika jina haraka. Nabwire hakuandika kitu. Aliinama akasoma kwenye daftari langu, akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole mchezaji mwingine, mfupi, aliyekuwa bado amelala kwenye tope karibu na mlingoti huku wenzake wakimrukia. Njogu akakubali. Yule wa kulia, ambaye timu yake ndiyo iliyofungwa na hana furaha, naye akakubali.

Nilitazama tena. Ni kweli, alikuwa yule mfupi.

Nabwire alingoja mpaka nilipofuta, ndipo akafungua kalamu yake.